MacDowell au Amy Beach: kuchagua muziki wa huzuni kwa piano ya mikono minne

Watu wawili wakitafuta kitu cha huzuni cha kupiga pamoja kwenye piano moja, ushauri wanaopewa kila mahali ni mmoja: Fantasia ya F maina (maina ni aina ya ufunguo wenye sauti ya huzuni) ya Franz Schubert. Ushauri huo una haki yake. Schubert aliitunga mwanzoni mwa 1828, mwaka uleule aliofariki, na sijui kazi nyingine ya mikono minne inayoufikia uchungu wake. Lakini inachukua karibu dakika 20, ina fuga nzito (sauti kadhaa zikifuatana kwa wimbo uleule) kuelekea mwisho, na wapigaji wengi wa kiwango cha kati huipenda kurasa za mwanzo kisha wakaiacha njiani. Si aibu. Ni kazi kubwa, na inahitaji watu wenye miezi mingi ya kuishi nayo.

Ipo rafu nyingine ambayo haifunguliwi sana. Wamarekani wa mwisho wa karne ya 19 waliandika muziki wa mikono minne wenye moyo wa Kiromantiki, mfupi zaidi, unaoshikika, na baadhi yake una huzuni ya kweli. Wawili wanafaa kuwekwa ubavu kwa ubavu: Edward MacDowell, ambaye mikusanyo yake miwili ya mikono minne, Op. 20 na Op. 21 (Op. ni namba ya kazi ya mtunzi), ilichapishwa mwaka 1886. Na Amy Beach, ambaye "Summer Dreams" yake, Op. 47, ni ya mwaka 1901. Yupo pia Louis Moreau Gottschalk wa New Orleans, ambaye jina lake hutajwa haraka kila piano na Marekani zinapotajwa pamoja. Yeye nitampitia kwa ufupi, kwa sababu nitakayoieleza.

Angalia kwanza mtu wa kushoto

Msimamo wangu ni huu: muziki wa huzuni wa mikono minne usichaguliwe kwa kusikiliza wimbo wa juu. Uchaguliwe kwa kumwangalia anayekaa kushoto.

Kwa kawaida anayekaa kulia, primo, ndiye mwenye wimbo. Anayekaa kushoto, sekondo, ana nusu ya chini ya piano, na mara nyingi pedali pia ni yake, kwa kuwa yeye ndiye anayejua lini akodi, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, inabadilika. Katika chapa za zamani hata kitabu chenyewe kimegawanywa hivyo: ukurasa wa kushoto ni wa sekondo, wa kulia ni wa primo, kila mtu anasoma upande wake. Wanaochagua husikiliza rekodi, wanapendezwa na wimbo, na yule mwenye vidole vyepesi anaomba kukaa kulia. Mwenzake anabaki na akodi.

Lakini huzuni inakaa kwenye akodi hizo. Rudi kwa Schubert kidogo. Mwanzoni mwa Fantasia, primo ana wimbo wenye mdundo wa nukta, yaani nota ndefu ikifuatwa na fupi, unaopanda kutoka C kwenda F. Upige peke yake: ni kama mruko mdogo, karibu wa kuchezacheza. Sasa sekondo aanze chini yake, akodi zilizovunjwavunjwa, laini, zisizokatika, na wimbo uleule unageuka kilio. Hakuna nota hata moja iliyobadilika juu. Aliyewahi kuimba kwaya anaijua hali hii bila kuelezwa: besi ikitetereka, soprano hata waimbe vizuri namna gani, wimbo hauketi.

Kwa hiyo kila kazi nitakayoitaja hapa nitaiuliza pia swali la mtu wa kushoto.

MacDowell: mwezi unasimulia

MacDowell alizaliwa New York mwaka 1860. Alipelekwa Paris akiwa kijana mdogo, akasoma Konsevatwari, chuo cha muziki cha huko, kisha akahamia Ujerumani, ambako kule Frankfurt alifundishwa utunzi na Joachim Raff. Franz Liszt alimsikia na kumtia moyo. Mwaka 1884 alimwoa Marian Nevins, Mmarekani aliyekuwa mwanafunzi wake wa piano. Muziki wake wa mikono minne ni wa miaka hiyo ya Ujerumani, na ndiyo maana majalada yake ya asili yana majina ya Kijerumani: Op. 20 inaitwa "Drei Poesien" na Op. 21 "Mondbilder". Ukitafuta nota kwenye intaneti kwa jina la Kiingereza ukakosa, jaribu hayo.

Hapa kuna mtego ambao wanaoandika maelezo ya konseti huuangukia. MacDowell alimaliza maisha yake kwa masikitiko makubwa: aliacha kazi Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1904 baada ya mgogoro na uongozi, akili ikaanza kumwacha, akafariki Januari 1908 akiwa na miaka 47. Basi watu husikia kitu chochote chake cha polepole wakasema, ndiyo, ule msiba. Hapana. Aliyeandika "Mondbilder" alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ameoa juzi, kazi zinachapishwa, dunia iko mbele yake. Huzuni iliyomo ameichukua kwenye hadithi, akaitengeneza kwa uangalifu wa fundi. Kwa mpigaji hilo lina maana ya moja kwa moja: usiuburuze muziki huu kama maziko. Una wepesi wa mtu anayesimuliwa jambo la mbali na likamgusa.

Hadithi zenyewe ni za Hans Christian Andersen, Mdenmaki, kutoka kitabu chake kidogo cha picha kisicho na picha. Mchoraji maskini anaishi peke yake katika chumba cha juu mjini. Mwezi unakuja dirishani kila usiku na kumweleza ulichokiona duniani, ili apate cha kuchora. MacDowell alichagua simulizi tano: "Binti wa Kihindu", "Hadithi ya Korongo", "Tyrol", "Bata Maji", na "Ziara ya Dubu".

Ya kwanza ndiyo ningemwonyesha mtu yeyote anayesita. Binti anashuka kuelekea mto Ganges usiku, miiba imezichana ndala zake, mkononi ana taa inayowaka. Anaikinga kwa vidole, na mwezi unasema uliona wekundu wa damu ndani ya vidole hivyo kwa mwanga wa moto. Anaiweka taa juu ya maji iende na mkondo. Ikiendelea kuwaka mpaka itakapopotea machoni, mchumba wake yu hai. Ikizimika kabla, amekufa. Karibu naye amelala nyoka mwenye madoa, hamwoni. Macho yako kwenye ule moto tu. Na taa haizimiki. Binti anapaza sauti kwamba yu hai, na milima inamrudishia neno hilo.

Kwa hiyo ni hofu inayokwisha kwa furaha. Sekondo ndiye mto: mkono wake ukiruka, ukisita, ukibonyeza akodi moja zaidi ya nyingine, taa imepinduka. Hapa ndipo mwenye vidole imara anapostahili kukaa kushoto, hata kama amezoea kupewa wimbo.

"Bata Maji" ni ya namna nyingine. Kundi la ndege linaruka juu ya bahari, mmoja amechoka, anashuka taratibu mpaka majini, anaweka kichwa chini ya ubawa na kutulia. Alfajiri anaamka, maji yanamrukia kifuani, anapaa tena kuelekea jua linakochomoza, njia waliyopita wenzake. Ila sasa anaruka peke yake, na Andersen anarudia jambo hilo mara mbili ili msomaji asilipite. Anayetafuta upweke usio na kelele, kipande ndicho hicho.

Na "Tyrol", ambayo wengi huiruka kwa sababu jina linawafanya wategemee ngoma za wakulima wa milimani. Soma simulizi kabla ya kuipiga. Mwezi unapita juu ya milima, unaona makao ya watawa yamebandikwa mwambani kama kiota cha mbayuwayu. Juu kwenye mnara masista wawili wanapiga kengele. Ni wasichana bado. Chini barabarani gari la safari linapita, baragumu la posta linalia, na wote wawili wanaligeukia kwa wazo moja. Mdogo ana chozi. Baragumu linafifia, mpaka kengele waliyoishika wao wenyewe inalimeza. Kwangu hiyo ndiyo simulizi yenye huzuni kuliko zote tano, kwa sababu taa ya binti iliwaka na bata maji alipaa, lakini hawa wawili wanabaki palepale mnarani.

"Korongo" na "Dubu" si za huzuni. Dubu aliyefungwa uani anafunguka, anapanda ngazi mpaka chumba cha watoto, nao badala ya kukimbia wanacheza naye gwaride la askari mpaka mama anapoingia na kupigwa na butwaa. Ninazitaja kwa sababu ya swali ambalo kila mtu atajiuliza: tupige zote tano au tuchague? Mkipiga mbele ya watu, pigeni zote, kwa mpangilio wake. Korongo akitangulia, ule mnara wa Tyrol unaingia ukiwa na uzito zaidi, na dubu mwishoni anawapa wasikilizaji ruhusa ya kupumua. Mkiwa nyumbani, wawili tu, pigeni ya kwanza, ya tatu na ya nne.

Jambo moja zaidi kuhusu Op. 21, nalo linasaidia sana katika chumba cha mazoezi. MacDowell alikusudia iwe suti ndogo ya okestra, yaani mfululizo wa vipande vifupi. Ikajitokeza nafasi ya kuichapisha kama muziki wa mikono minne, akaichukua, na rasimu za okestra zikaharibiwa. Okestra hiyo hatutaisikia kamwe, lakini mpigaji anayeijua habari hii hawezi tena kuipiga kwa rangi moja. Ataanza kuuliza: hapa angeweka filimbi? Hapa ni selo? Mikono minne ina uwezo huo wa kugawa rangi kuliko mikono miwili, na kazi hii inauomba.

Op. 20: kwa wanaotaka uzito zaidi

"Drei Poesien" ina vipande vitatu: "Usiku Baharini", "Simulizi ya Enzi za Mashujaa" na "Balada". Hapa hakuna Andersen wa kukushika mkono. Jina la kipande na nota, basi. Kwa sababu hiyo inawafaa wapigaji waliokwisha kusikilizana, wanaoweza kukubaliana wenyewe kitu hiki kinasema nini. Watu wawili wanaopiga pamoja kwa mara ya kwanza huwa na maoni mawili kuhusu kila kitu, na simulizi ya Op. 21 huwapatanisha, Op. 20 inawaacha wabishane. Mtu akiniomba kipande kimoja tu humo, nampa "Usiku Baharini". Cha mashujaa ni mandhari ya kasri na farasi ambayo karne ya 19 iliipenda mno, nami sina hamu nayo sana.

Amy Beach: machweo ya nyumbani

Beach alizaliwa mwaka 1867 Henniker, jimbo la New Hampshire. Kipaji chake kiliwatisha waliomzunguka: hajafikisha hata miaka miwili alikuwa anaimba sauti ya pili mama yake akiimba wimbo. Muziki wa maina ulimuumiza kiasi kwamba mama yake aliutumia kama adhabu. Mtoto akikosea, mama anakaa kwenye piano na kupiga kitu cha huzuni. Tena alizisikia funguo za muziki kama rangi: C nyeupe, E njano, A kijani, na F shapu maina pamoja na G shapu maina zote nyeusi. Mtu wa namna hiyo anapoandika giza, ameliandika akijua linamfanya nini.

Mwaka 1885, akiwa na miaka 18, aliolewa na Dakta Henry Harris Aubrey Beach, mpasuaji wa Boston aliyemzidi zaidi ya miaka 20. Makubaliano ya ndoa yakawa kwamba konseti za hadharani zipungue sana, na nguvu aiweke kwenye utunzi. Mwalimu wa utunzi hakupata. Alijifunza mwenyewe, mpaka akajitafsiria vitabu vya Berlioz na Gevaert kuhusu okestra. Simfonia yake ya Kigaeli ilipigwa na okestra ya Boston mwaka 1896, na mwaka 1900 akapiga mwenyewe Koncherto yake ya piano ya C shapu maina na okestra hiyohiyo. Kwenye majalada utamkuta kama Mrs. H. H. A. Beach. Hilo nalo ni la kukumbuka unapotafuta nota za zamani, kwani ukiandika "Amy" peke yake baadhi ya orodha hazitakupa kitu.

"Summer Dreams" ilitoka mwaka mmoja baada ya Koncherto hiyo, lakini ni ulimwengu mwingine. Vipande sita vifupi: vibwengo, ndege mwenye kifua chekundu, "Twilight" yaani utusitusi wa jioni, wadudu wa jamii ya senene wanaoimba usiku wa kiangazi cha Marekani, tarantela (ngoma ya kasi ya Kiitaliano) ya viumbe wadogo wa hadithini, na mwisho "Good Night". Kila kimoja kimewekewa beti kidogo za shairi juu yake. Kwa jumla ni mkusanyo wa kucheka na kutabasamu. Huzuni imo katika viwili tu: cha tatu na cha sita.

Hapo ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu, kwa sababu vipande hivyo viwili vimewekwa kwa akili. Utusitusi umekaa katikati, baada ya ndege na kabla ya wadudu, na msikilizaji aliyekuwa akifuata michezo ya kiangazi anajikuta ghafla yuko pahali pa utulivu, mwanga unaondoka. Saa hiyo ya jioni ilikuwa mada ya Beach ya muda mrefu. Wimbo wake wa Op. 2 una jina hilohilo, na akautumia kama msingi wa sehemu ya tatu ya Koncherto. Alirudi kwenye machweo kila alipotaka kusema jambo ambalo hakutaka kulipigia kelele.

Huzuni ya Beach hapa si ya msiba wala ya kutengana. Ni ile ya siku nzuri inayokwisha. Mtu anayetaka machozi ataona imepungua. Mtu aliyewahi kukaa barazani mpaka giza likaingia, bila sababu ya kulia na bila hamu ya kuzungumza, ataielewa mara moja.

Ubavu kwa ubavu

Kama wapigaji wana viwango tofauti, kwa mfano mwalimu na mwanafunzi, au dada mkubwa na mdogo wake, ningempa Beach nafasi ya kwanza. Vipande vya polepole vya "Summer Dreams" vinaweza kupigwa na mtu ambaye hajafika mbali, mradi anayekaa naye ana masikio. Tarantela ni jambo jingine. Hiyo inataka vidole vya kukimbia pande zote mbili, na mwanafunzi asiachiwe peke yake nayo. Lakini hakuna anayewalazimisha kupiga vyote sita.

Kama wanalingana, MacDowell. Nasema hivi hasa kwa ajili ya sekondo. Katika "Binti wa Kihindu" mtu wa kushoto ana kazi inayomheshimu: yeye ndiye maji, yeye ndiye muda, na primo anaelea juu yake. Wapigaji wawili walio sawa wanaweza kubadilishana viti wiki hii na ile, na kila mmoja akarudi nyumbani akijua kitu ambacho hakukijua. Nimeona Op. 21 ikiwapatanisha watu ambao kila mmoja alitaka kukaa kulia.

Kwa hadhira, jibu linategemea kama kuna mtu wa kusimulia. MacDowell bila Andersen anapoteza nusu. Mmoja wa wapigaji asimame kabla ya kila kipande, aseme maneno machache: taa, mnara, ndege aliyechoka. Dakika moja inatosha, na kwa Kiswahili simulizi hizo zinasimama vizuri sana, maana zina umbo la hadithi inayosimuliwa usiku. Beach hahitaji msemaji. Jina la kipande linatosha, na watoto waliomo ukumbini watakaa wima kwa ajili ya vibwengo.

Kwa mazishi au ibada ya kumbukumbu, kama mnaombwa muziki wa piano wa kutuliza, nitasema waziwazi: "Good Night" ya Beach. Ya MacDowell ina matukio mengi mno ndani yake kwa saa ya namna hiyo. Mfiwa hapaswi kufuatilia hadithi ya mtu mwingine.

Kuhusu chombo. Kibodi ndogo ya funguo 61, iliyo kwenye makanisa na nyumba nyingi za kwetu, haifai kwa kazi hizi zote mbili, na afadhali mtu aambiwe mapema. Viwiko vinagongana, na besi ya sekondo inakosa nota za chini kabisa, zile zinazobeba giza lenyewe. Kitufe cha kushusha oktavi hakisaidii, kwa sababu kinashusha mikono yote minne pamoja. Piano ya umeme ya funguo 88 yenye pedali halisi inatosha kabisa. Mkiwa na kibodi mbili ndogo, kila mtu akapewa yake na ya sekondo ikashushwa oktavi, mtaweza kufanya mazoezi, ingawa kusikilizana kunakuwa kugumu zaidi: pedali ni mbili, na kila mmoja anasikia chake kwanza.

Nota ni bure. MacDowell alifariki 1908 na Beach 1944, na chapa za 1886 na 1901 hazina tena hakimiliki; zote zinapatikana kwenye maktaba ya nota ya intaneti ya IMSLP. Zichapisheni kwenye karatasi kubwa, kurasa mbili zikitazamana kama zilivyokuwa, kwa sababu mkizitenganisha kila mtu anapoteza uwezo wa kumchungulia mwenzake yuko wapi.

Watunzi hawa wawili walikuja kukutana kwa njia isiyo ya kawaida, baada ya mmoja wao kuwa kaburini. MacDowell na Marian walikuwa na shamba Peterborough, New Hampshire, na mwaka 1907 likaanzishwa hapo makazi ya wasanii, mahali ambapo mtunzi, mwandishi au mchoraji hupewa kibanda msituni na utulivu wa kufanya kazi. Marian aliyaendesha kwa miongo mingi, akizunguka nchi kupiga piano ili kuyachangia fedha. Amy Beach alikwenda huko mara ya kwanza mwaka 1921, akasikia ndege wa msitu ule na kuandika vipande vyake vya ndege huyo kwa piano, akaendelea kurudi miaka mingi. Kwenye wosia wake aliyaachia makazi hayo haki za mapato ya muziki wake. Ukipiga wote wawili jioni moja, si mchanganyiko wa kubahatisha.

Gottschalk, na wanaomtaka Beach mkubwa zaidi

Gottschalk alizaliwa New Orleans mwaka 1829 na kufariki Brazil 1869, wiki chache baada ya kuanguka jukwaani Rio de Janeiro. Ana vipande vya mikono minne vinavyosisimua: "Ojos criollos" na "La gallina", vyenye mdundo wa Kuba aliouishi kwa miaka katika visiwa vya Karibi, na humo utasikia mapema mno dalili za kile ambacho baadaye kingeitwa ragitaimu. Vichukueni kwa furaha. Huzuni ya Gottschalk iko kwenye piano ya mtu mmoja, kama "The Last Hope", na anayeitafuta kwenye mikono minne atarudi na ngoma. Ndiyo sababu simweki mezani hapa.

Wenye bahati ya piano mbili chumba kimoja na vidole vilivyokomaa wamtafute Beach katika "Tofauti za Mada za Balkani", Op. 60. Aliziandika mwaka 1904 kwa mpigaji mmoja, baadaye akazipanga kwa piano mbili. Zinajengwa juu ya nyimbo za watu wa Balkani alizopelekewa na mmisionari aliyeishi kule, na mada kuu ni ombolezo la nchi inayolia, katika C shapu maina. Giza ambalo "Summer Dreams" inaligusa tu na kuliacha, hapa amekaa nalo mpaka mwisho. Lakini si ya kuanzia.

Ya kuanzia, nikiambiwa nitaje moja, ni "Binti wa Kihindu". Sekondo ajifunze sehemu yake peke yake kwanza, mpaka mkono uende bila kufikiria, kisha primo aingie polepole kuliko anavyotamani. Baada ya hapo kipande cha tatu cha Beach, "Twilight", na viti vibadilishwe. Ikiwa wawili hao bado wanataka kukaa benchi moja baada ya kuvimaliza, Op. 22 ya MacDowell, "Hamlet na Ophelia", ambayo aliiandikia okestra na kuwatunukia waigizaji Henry Irving na Ellen Terry, ipo pia kwa mikono minne, na Ophelia humo ana huzuni ya kutosha mwaka mzima.